Abiria Waliporudi Baada ya Kipindupindu

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kondakta wa basi lililotoka Magwagwa kila asubuhi, likapita Nyamira hadi mjini Kisii. Kipindupindu kilipoingia, watu waliacha kupeana mikono, na maiti wakazikwa haraka.

Siku moja ya soko alipanda mama muuza ndizi niliyemfahamu vizuri, maana alisafiri nasi kila wiki. Tulipoipita Nyamira akaanza kutapika.

"Mteremshe! Atatumaliza!" abiria wakapiga kelele.

Dereva akafunga breki. Ningeweza kukataa, hospitali ilikuwa huko huko tulikokwenda. Lakini mimi pia niliogopa. Nikajifunga leso mkononi, nikamshika, nikamkalisha kando ya shamba la chai.

"Mwanangu," akaniuliza, "si mnapita hospitali?"

Nikapiga ubavu wa basi, tukaondoka.

Tuliporudi mchana hakuwepo. Wachuma chai walikuwa wamembeba, akafia njiani.

Basi lilipulizwa dawa na kusuguliwa mpaka rangi ya viti ikabambuka. Ugonjwa ukaisha, masoko yakachangamka, ila abiria hawakurudi. Tuliwapita wakitembea na mikungu kichwani. Nikiita "Kisii! Kisii!" wanatazama chini. Habari ilikuwa imeenea kwamba gari letu hutupa watu. Ndani ya basi tupu nilikuwa nikisikia mtu akitapika nyuma yangu. Nikigeuka, ni viti tu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mzee aliyevaa koti jeusi la kanisani, na haikuwa siku ya ibada, akatusimamisha.

"Mimi ni mume wa yule mama," akaniambia. "Nionyeshe mahali."

Tulipofika, tukashuka wawili. Alizitazama zile nyasi kwa muda mrefu.

"Alisema nini?"

Watu wote nilikuwa nimewaambia kwamba hakusema neno. Yeye nikamwambia kweli.

"Nawe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu, tata," nikasema, kama Wagusii tunavyomwita baba. Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono kunizuia.

"Usiniombe mimi. Aliyeachwa hapa si mimi."

Kisha akapanda, akaketi dirishani, tukaenda mjini.

Soko lililofuata alikuja tena, na lile la baadaye. Watu wa njiani walimwona. Wakaulizana: ikiwa yeye aliyefiwa anapanda, sisi tunasubiri nini? Wakarudi wazee wawili, kisha wanawake na ndizi zao, mpaka wengine wakawa wanasimama ndani ya basi tangu Nyamira. Mwenye basi akanisifu mbele ya wenzangu kwa kuwabembeleza abiria. Nikakubali sifa hizo.

Mzee hakuwa na chochote cha kuuza mjini. Siku moja nikajikaza kumwuliza anasafiri kwa nini.

"Ili unione," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

Alisafiri nasi karibu miaka miwili. Kisha soko moja hakutokea, wala lililofuata. Basi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, watu wakicheka na kuitana. Hakuna aliyeuliza habari zake, nami sikuthubutu kwenda kwake kuuliza.