Ukiita "Msomi" Langoni

Mawakili wana adabu yao. Mbele ya hakimu, wakili hamwiti mwenzake kwa jina, humwita msomi. "Msomi mwenzangu amepotoka," "msomi mwenzangu hakuisoma sheria," na matusi yote hupita hapo yakiwa yamevaa tai. Mwalimu Masharti alilipenda neno hilo kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Kila mwaka mpya aliingia darasani, akawatazama vijana waliobanana kwenye viti, akasema, "Karibuni, wasomi." Vijana wakaketi wima, na mmoja au wawili wakarekebisha kola.

Jina la Masharti alipewa na hao hao wanafunzi. Alifundisha sheria ya mikataba, na hakuna ahadi aliyoipokea hivihivi. Ukimwambia kesho utakuja, atakuuliza, "Kwa masharti gani?" Inasemekana hata siku aliyokubaliwa uchumba aliuliza hivyo, na mkewe hajawahi kukanusha.

Zamani kuingia kitivo chake cha sheria ilikuwa kazi kwelikweli. Kisha wenye vyuo wakaonja utamu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Madarasa yakapanuliwa, mitihani ikalegezwa, vyuo vipya vya sheria vikafunguliwa ghorofani juu ya maduka ya simu. Mawakili wakatoka utitiri, na wenye kesi ni wale wale. Wazazi nao si wajinga. Walipoona mtoto wa jirani ana shahada ya sheria na anashinda kibarazani, wakawapeleka watoto wao kwingine, na Mwalimu akajikuta anavikaribisha viti. Chumba cha mahakama ya mazoezi, ambamo wanafunzi walijifunza kuhoji mashahidi, kikapewa kozi ya ususi. Mashine ya kukaushia nywele ikawekwa ndani ya kizimba. Walimu wa sheria wakipita walitaniana kwamba mshtakiwa yule amenyimwa dhamana. Walicheka, lakini kila mtu alikuwa na hofu yake.

Hofu ya Mwalimu ilitajwa kwa jina siku alipoitwa na mkuu wa chuo.

"Mwalimu, darasa la mwaka wa kwanza lisipojaa hata nusu, kitivo kinafungwa. Tafuta watu."

"Mimi ni mwalimu, mkuu. Kutafuta watu si kazi yangu."

"Basi hivi karibuni hutakuwa na kazi yoyote," alisema mkuu, bila ubaya, kama mtu anayesoma ratiba.

Jumapili ile ile dada yake alimtembelea. Huyu ndiye dada mkubwa aliyemlea, aliyeacha shule mwenyewe ili mdogo wake asome, na hakuwa mtu wa kumzungusha kwa maneno. Alikuja na binti yake aliyemaliza sekondari, msichana mwenye macho ya kuuliza.

"Nimekuletea msomi," dada alisema kabla hajaketi. "Na huyu haji peke yake. Wenzake darasa zima wanamsubiri. Akiingia kwako, nao wanaingia."

Mwalimu aliruka moyoni kwa furaha, na papo hapo akaona haya. Akatazama kikombe chake. Nusu ya darasa ilikuwa imeketi pale sebuleni, imevaa gauni la bluu, inamwita mjomba.

"Sharti langu ni moja, mjomba," binti alisema, na wote wakacheka kwa sababu alilitia neno mahali pake. "Nataka kwanza nione wanafunzi wako wakiwa kazini."

Angekataa vipi?

Siku ya pili yake wakaenda mahakamani. Nje ya lango kuna ukuta mfupi wa saruji, na juu ya ukuta huo huketi mawakili wasio na ofisi, suti zimepigwa pasi, mikoba mapajani, macho barabarani. Gari moja likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa dirishani akaita, "Msomi!" Ukuta mzima ukageuka. Wakashuka wote kwa pamoja, huku wakijifanya hawakimbii.

Mwenye kesi alikuwa mzee mmoja aliyekuja kuapa tu kwamba amepoteza hati ya kiwanja. Kabla hajafunga mlango wa gari, wakili mmoja kamshika mkono wa kushoto, na mwingine, mwanamke, kamshika wa kulia. Yule mwanamke Mwalimu alimfahamu. Darasani walimwita Jaji, maana alikuwa akisimama kujibu swali hata waliolala nyuma waliamka. Katika mwaka wake wa kwanza wazazi walitaka ahamie uuguzi, akaja ofisini kuomba ushauri. Wakati huo chuo kilikuwa kimeshaanza kuhesabu vichwa. Mwalimu alimwambia, "Baki. Nchi haijawahi kushiba mawakili." Jaji akabaki.

Jaji alipomwona mwalimu wake, aliuachia mkono wa mzee. Mwenzake akaondoka naye.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Akajifuta viganja kwenye sketi. "Na huyu?"

"Mpwa wangu. Anafikiria kusoma sheria. Amekuja kuwaona."

Jaji alimtazama Mwalimu kwa muda, kisha akamgeukia msichana, akatabasamu tabasamu zuri la mtu aliyekosa mteja wa asubuhi. "Kazi nzuri, mdogo wangu. Leo umetukuta tumepumzika kidogo. Karibu sana."

Alikuwa anamsitiri. Mwalimu alilijua hilo kama alivyojua meza yake, na lilimuuma kuliko kama angemtukana hadharani.

Wakarudi kwa miguu. Binti alikuwa mchangamfu, simu mkononi, tayari kuwaandikia wenzake. "Mjomba, yule dada anasema kazi ni nzuri. Kwa hiyo ni kweli?"

Hapo Mwalimu alikuwa na njia nyepesi kabisa. Hakuhitaji hata kusema uongo, uongo ulikuwa umeshasemwa na mwingine. Angeitikia kwa kichwa tu na darasa lingejaa. Akatembea hatua kadhaa huku amebana mkoba. Akamfikiria huyu mtoto juu ya ule ukuta, ameshika mkono wa mzee. Akapiga moyo konde.

"Si kweli," alisema. "Amesema vile kwa ajili yangu. Kazi haipo, mama. Wamejaa. Nenda kasome kitu kingine, na wenzako waambie hivyo hivyo."

Binti alisimama. Aliirudisha simu mfukoni, na njia nzima iliyobaki hakumwita mjomba.

Jioni dada alipiga simu, na aliyoyasema mengine hayaandikiki. "Wewe nimekusomesha ukavaa tai. Leo mwanangu ndiye hafai? Aliyeshiba hamjui mwenye njaa." Mwalimu alijaribu kueleza, simu ikakatwa. Tangu siku hiyo salamu za dada zikawa zinapitia kwa mkewe.

Darasa halikujaa nusu wala robo. Kitivo kikafungwa, unga ukamwagika, na wasusi wakapewa ghorofa yote. Mwalimu Masharti alikaa nyumbani mpaka mkewe akaanza kumpa kazi ya kuchambua mchele, kisha akahuisha leseni yake ya uwakili, ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana, akapiga suti yake pasi, akaenda langoni. Aliona aibu kiasi cha kupita mara mbili kama mtu mwenye safari nyingine.

Wanafunzi wake wa zamani waliinuka, "Shikamoo, Mwalimu," na mmoja akapangusa vumbi ukutani kwa gazeti. Jaji alisogea akampa nafasi. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," mtani mmoja akasema kwa sauti ya chini, na waliosikia walitazama pembeni.

Walikaa. Jua likapanda.

"Yule mpwa wako yuko chuo gani sasa?" Jaji akauliza.

"Anasomea uuguzi."

"Uuguzi." Jaji alilirudia neno hilo polepole. "Si alitaka sheria? Nani alimkataza?"

"Mimi. Siku ile ile, tulipokuwa tunarudi nyumbani."

Jaji aliutazama mkoba wake, ambao kishikio chake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Damu nzito, Mwalimu, sikulaumu," akasema hatimaye. "Lakini mimi nilikuja ofisini kwako nikakuuliza swali lile lile. Mimi mbona uliniambia nibaki?"

Mwalimu maisha yake yote alikuwa na masharti, vifungu na isipokuwa, na sasa akaanza kuvitafuta kimoja kimoja.

Gari likapunguza mwendo langoni. "Msomi!"

Ukuta wote ukageuka, Mwalimu naye akageuka, na kabla hajajijua alikuwa ameshasimama, mkoba mkononi. Jaji peke yake hakusimama. Alikuwa bado anasubiri jibu.