Baba Alipokata Miraa

Baba aliokoka nikiwa darasa la saba, katika mkutano wa injili uliofanyika karibu na soko la Mikinduri. Hakuwa mlevi wala mgomvi, hivyo sisi wa nyumbani hatukuona alikuwa na kitu gani cha kuacha. Mchungaji ndiye aliyekiona. Jumapili moja alisema madhabahuni kwamba mkulima wa miraa anayetoa sadaka anamletea Mungu sumu. Baba alirudi nyumbani. Kesho yake asubuhi akanoa shoka.

Miti yetu ya miraa ilipandwa na babu yake. Mama alisimama mbele ya mti wa kwanza.

"Baba watoto, hii ndiyo inayotulisha."

"Anayetulisha ni Mungu."

"Basi kata nusu."

"Mtu hatubu nusu," baba akasema, akamzunguka.

Kufikia jioni shamba lilikuwa visiki vitupu. Majirani walikuja kuchuma machipukizi kwenye matawi yaliyolala chini, wakichekeana. Jumapili iliyofuata baba aliitwa mbele atoe ushuhuda, kanisa zima likampigia makofi. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama siku ile.

Tulipanda mahindi, mvua ikakataa. Nilifaulu mtihani wa darasa la nane, nikaitwa shule ya upili, nikakosa karo ya kwenda. Mwaka ule nilichuma kahawa ya watu huku wenzangu wakipita barabarani na masanduku yao. Baba aliniambia Bwana atatenda. Niliitikia, kwa sababu ni baba yangu.

Kisha kukawa na harambee ya kumnunulia mchungaji pikapu. Mgeni wa heshima alikuwa tajiri mmoja ambaye kila mtu alijua magari yake hubeba nini kila siku kwenda Nairobi. Alikalishwa kwenye kochi lililotolewa nyumbani kwa mchungaji. Baba alikuwa nyuma, amempakata jogoo wetu wa mwisho. Tajiri alipotoa mchango wake, mchungaji alimwekea mikono kichwani na kuomba Mungu abariki kazi ya mikono yake.

Watu walipotawanyika, baba alimngoja mchungaji mlangoni. Nilikuwa kando yake.

"Mchungaji, si ulitufundisha kwamba pesa ya miraa ni sumu?"

Mchungaji alimshika bega. "Mzee, pesa ikishaingia nyumba ya Mungu imetakasika."

"Na miti yangu?"

"Hiyo ulimtolea Mungu. Usianze kudai."

Nilimtazama baba. Alivaa kofia yake, tukashika njia. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake lilelile, akiimba. Mchungaji nilimchukia, lakini uvumilivu ule wa baba niliuchukia zaidi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa imani au aibu ya kukiri kwamba alidanganywa.

Mama hakurudi kanisani. Kila Jumapili, baba akishaondoka na Biblia yake, mama alivuka kijito hadi kwa jirani, akafunga miraa ya watu kwenye majani ya migomba, akalipwa, akapitia dukani kununua unga. Jioni baba alivua kofia, akaufumbia macho ugali ule, akaushukuru mkono wa Bwana kwa maneno marefu, akala. Hakuwahi kuuliza unga umetoka wapi.