Siku Gari la Mwakio Lilipokataa Kwenda Polepole

Nakumbuka asubuhi niliyoolewa hapa Birmingham. Jua limetoka vizuri, jambo ambalo mji huu hautoi kila siku, nami nimekaa kiti cha nyuma cha gari la kaka yangu Mwakio, shela mpaka puani. Mjukuu wangu, nakuandikia haya kwa sababu mama yako ameniambia unataka kuweka konveta ya mashindano kwenye gari lako. Kaa usome mpaka mwisho.

Konveta unaijua. Ni lile duara lililojaa oili, linakaa kati ya injini na gia kwenye gari otomatiki. Ya kawaida inashika mapema. Ukiachia breki tu, gari linatambaa lenyewe. Ile ya mashindano inachelewa kushika. Injini inazunguka kwanza, inapiga kelele, gari limesimama, halafu nguvu yote inakuja pamoja na gari linachomoka. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini hili nilifundishwa na mgongo wangu, tena nikiwa kwenye gauni jeupe.

Mwakio alipenda kushindana Jumapili na vijana wenzake, kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Konveta ile ya mashindano aliwekewa mtaa wa Hockley na Harjit, fundi wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu. Harjit alimwambia, "Hii ya kuruka, Mwakio. Kwenda polepole, hapana." Mwakio akacheka. Halafu akajitolea kunipeleka kanisani.

Sasa, bibi harusi wa kwetu hapelekwi kanisani kama mzigo. Wanawake wanatangulia mbele ya gari, wanaimba, wanacheza, na gari linafuata mwendo wa miguu yao. Shangazi Mghoi, dada ya baba yangu, ndiye aliyeongoza. Kutoka kwake, mtaa wa Acocks Green, mpaka kanisani si mbali, ila padri alikuwa na harusi nyingine baada ya yetu, na alisema wazi: mkichelewa, mtarudi wiki nyingine. Wiki nyingine ipi? Babu yako alikuwa anaanza kazi Aberdeen, mbali huko kaskazini, Jumatatu, nami nilitaka kwenda naye nikiwa mkewe.

Wimbo ukaanza. Mwakio akaachia breki. Gari halikusogea. Akakanyaga mafuta kidogo. Injini ikanguruma, gari liko palepale. Shangazi akaja dirishani.

"Wee Mwakio, unamngurumia nani?"

"Siwangurumii, Shangazi. Inatafuta kushika."

"Basi ishike! Padri anatungoja."

Shangazi akarudi mbele, Mwakio akakanyaga zaidi. Gari likachomoka, breki zikalia, mimi na shela yangu tukaenda kubusu kiti cha mbele, na taa za gari zikasimama karibu ziguse leso ya Shangazi. Ikawa hivyo tena na tena: kunguruma, kuruka, kusimama. Wimbo ukakatika. Harufu ya oili iliyoungua ikaingia ndani. Nikaanza kulia.

"Nishuke nitembee," nikasema.

"Kaa hapo!" Shangazi akafoka. "Bibi harusi wa kwetu hakanyagi lami kabla ya mlango wa kanisa. Mwakio, toka."

"Nani ataendesha sasa?"

"Umeshindwa na mwendo wa wamama wanaocheza, halafu unaniuliza nani ataendesha?"

Akaingia yeye, na kilemba chake, akaweka gia fri, magurudumu yazunguke bila injini. Akatoa kichwa dirishani. "Wanaume wote nyuma! Sukumeni kwa wimbo, msisukume kwa hasira!"

Mwakio akasukuma na suti yake mpya. Wasimamizi wakasukuma. Mzee Mwingereza, jirani, akaacha kukata majani yake akaja kusukuma na slipa miguuni. Wanawake wakaanza wimbo upya, na lile gari, mwanangu, likaenda kama linajua kucheza. Penye kamwinuko karibu na stesheni wanawake nao wakaja nyuma, wanaimba huku wanasukuma, na watu waliokuwa kwenye basi wakatupigia makofi. Mimi machozi yalishakauka. Nilikuwa nacheka mpaka shela inatikisika.

Tulimkuta padri mlangoni anaangalia saa. Akamwona Shangazi kwenye usukani na Mwakio amelowa jasho, akacheka mpaka akashika mlango. "Ingieni upesi," akasema. Nikaolewa siku ileile.

Sikwambii konveta ile ni mbaya. Uwanjani Mwakio alishinda nayo, nami nilikuwepo nikipiga vigelegele. Lakini gari lako wewe linanipeleka mimi kliniki. Linabeba watoto wa dada yako. Kwenye foleni ya Ladywood utasikia injini ikipiga kelele na gari limelegea chini yako, oili inachemka, na ukigusa mafuta zaidi kila mtu anarushwa. Jiulize kwanza unambeba nani, na nani anatembea mbele yako, ndipo umtafute fundi. Ukitaka la kuruka, nunua lingine la uwanjani, nitakuja kukushangilia na koti langu zito. Na utakapooa, kwa mkeo na watoto wako fanya vivyo hivyo, usiwarushe. Nguvu unayo, nimeiona. Jifunze kuitoa kidogo kidogo.

Mungu akulinde utokapo na urudipo, akupe mwenzi wa kuzeeka naye, na nyumba yako isikaukiwe vicheko. Amina, mwanangu.