Punje Katika Asali ya Mama Pasi

Mtaani walimwita Mama Pasi, kwa kuwa riziki yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Shati likitoka mikononi mwake huoni mkunjo hata mmoja. Mikunjo yote ilikuwa moyoni. Ukimsalimu kwa bashasha, atajiuliza unataka nini. Usipomsalimu, atajua umeshamsema mahali.

Kaka yake, mrina asali, alimletea asali dumu zima. Mama Pasi akaigawa kwa mkono wake katika chupa mbili kubwa. Moja akaiweka kwenye rafu juu ya meza ya kupigia pasi, aionjeonje akiwa kazini. Ya pili akampa mkwe wake, mke wa mwanawe, aitunze jikoni kwa matumizi ya nyumba. Jiko hilo lilikuwa upande usiopata jua, sakafu yake ya saruji baridi mchana kutwa.

Msimu wa baridi ulipoingia, Mama Pasi alikwenda jikoni kutafuta chumvi, akaiona ile chupa. Asali ilikuwa imepauka, nzito, imejaa punje hadi shingoni. Akachota kijiko, akatafuna. Ikasagika menoni kama sukari. Akarudi upesi kutazama ya kwake: nyororo, inachuruzika kama uzi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajisemea.

Siku hiyo hiyo uchunguzi ukaanza. Mkwe akitoka, yeye huyo kwenye kopo la sukari, kutazama limepungua kiasi gani. Mkwe akirudi na mfuko, Mama Pasi anautazama mfuko kabla ya uso. Binti wa watu alikuwa mpole, si msemaji, na upole huo nao ukawa ushahidi: kimya kingi kina mshindo.

Mwishowe uzalendo ukamshinda.

"Asali ya kaka yangu umempelekea nani?"

"Asali gani tena, mama?"

"Usijifanye hamnazo! Umeimimina, halafu ukajazia sukari."

Mkwe hakubishana. Alipasha maji, yakawa ya moto wa kuvumilika mkononi, akaisimamisha chupa ndani ya sufuria. Wakakaa wakiitazama. Taratibu punje zikalegea, rangi ikarudi, asali ikawa asali.

"Hii ndiyo sukari, mama?"

"Sukari nayo huyeyuka. Hapo hujaniambia kitu."

Machozi yakamlenga mkwe, akageukia ukutani.

Mama Pasi akaenda kuiokoa chupa yake. Akaifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni hata akienda kuoga. Baadaye mafua yakamshika, akakumbuka asali. Alipofungua sanduku, akaiinua chupa kwenye mwanga. Imeganda! Akaligeuza kufuli huku na huku. Halikuwa na mkwaruzo. Akatafuta wa kumshuku, akamkosa. Basi akampigia kaka yake simu.

"Kaka, ile asali ulitia nini?"

"Waulize nyuki," kaka akacheka. "Dada, asali ni sukari nyingi iliyobanana kwenye maji kidogo. Ikipata ubaridi, sehemu ya sukari hiyo hujitenga, ikawa punje. Punje moja ikianza, nyingine zinaifuata. Joto ndilo huizuia isigande. Ulikuwa unaiweka wapi?"

Mama Pasi akaitazama rafu iliyokuwa tupu, juu ya meza ambapo pasi huwaka tangu asubuhi, ukuta wenyewe una joto ukiugusa.

"Kwa hiyo haijaharibika?"

"Iharibike wapi! Ni asali ile ile tu."

Alimkuta mkwe jikoni, anamenya viazi.

"Mwanangu, nilikuonea. Ya kwangu nayo imeganda, na ufunguo ninao mwenyewe."

"Nimesikia, mama," mkwe akajibu bila kuinua uso.

Mama Pasi akabaki mlangoni. Kwanza alihisi ukimya ule una hila, kama kawaida yake. Halafu akaona yule binti anakimenya tena kiazi alichokwisha kukimenya, akajua ni uchungu tu. Akavuta kiti, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya. Wakamenya hivyo hivyo hadi viazi vikakaribia kwisha.

"Mafua yanaendeleaje?" mkwe akauliza.

"Bado yananisumbua, mwanangu."