Mkalimani wa Mrushaji

Nimeishi Texas miaka mingi, na nilikwisha kujua kwamba mtu anaweza kukuumiza huku akikuita dada. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba anaweza kufanya hivyo mbele yako, kwa sauti ya kusikika, mara tatu kwa wiki, nawe ukamshukuru kila anapomaliza.

Mimi ni mtaalamu wa fizioterapi katika kliniki moja ya Dallas. Wateja wangu ni magoti ya wazee na migongo ya madereva wa malori, watu wanaolalamika kwa lugha ninayoielewa. Kisha wakaniletea kiwiko kutoka Japani.

Mwenye kiwiko alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mrushaji wa besiboli. Mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenye gongo, na kwao vijana wenye kipaji hicho huanza kuandikwa magazetini wakiwa bado sekondari. Wengi huchezea timu za nyumbani miaka kadhaa, ndipo wavuke kuja ligi kuu ya Marekani wakiwa na jina. Huyu hakungoja. Alisaini na timu ya huku akiwa bado mbichi, na kwao wapo waliomwita msaliti. Hata ligi kuu hajaionja, akiwa bado kwenye timu za chini, kano ya kiwiko ikakatika. Akapasuliwa, akapewa mwaka mmoja wa kupona. Mwisho wa mwaka huo angerusha mbele ya wakubwa wa timu: akirusha vizuri, safari inaendelea, mkono ukikataa, anarudi kwa walewale waliomwita msaliti. Mkono huo nilikabidhiwa mimi.

Alikuja na mkalimani, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, shati limenyooshwa vizuri kuliko la mganga mkuu. Siku ya kwanza alinikabidhi boksi la biskuti kwa mikono miwili. Nikampenda papo hapo, sitasema uongo. Mtu anayetoa kitu kwa mikono miwili huku ugenini unamwona kama umetoka naye tumbo moja.

Kliniki yetu ina mkalimani wake, wa kwenye skrini yenye magurudumu. Sheria ya kazi inataka tumtumie huyo, asiyemjua mgonjwa wala jamaa zake. Lakini skrini ile huganda katikati ya sentensi, na mkalimani wangu wa biskuti alikuwa pale, mzima, anacheka. Mimi mwenyewe niliisukuma skrini kwenye kona nikaitundikia koti. Nilisema undugu ni bora kuliko mashine.

Na kweli tukawa ndugu. Alikuja kwetu Jumapili, akala pilau, akaomba ukoko. Mume wangu alimfundisha kuniita dada, mimi nikamwita kaka. Siku moja nilimsimulia nilipoanza maisha Houston, mtaa wa Gulfton, nikiwapeleka majirani hospitali na kuwatafsiria. Kulikuwa na mama mmoja wa Kongo. Daktari akauliza kama anameza dawa za presha. Mama akajibu, "Ile dawa niliacha, inanichokesha. Niko na Mungu." Mimi nikamwambia daktari kwamba anameza kila siku, bila kukosa. Sikutaka yule mzungu amdharau. Nilisimulia kisa hicho kama kichekesho, nikiigiza mpaka sauti ya daktari, na kaka yangu alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha mezani.

Kazi yenyewe ilikwenda hatua kwa hatua. Kwanza kunyoosha mkono, halafu kuvuta kamba za mpira, halafu vyuma vidogo, halafu kurusha kwa umbali mfupi uliokuwa ukiongezwa. Kila tulipoanza niliuliza maumivu kuanzia sifuri mpaka kumi, na ganzi kama ipo. Kijana anajibu. Mkalimani anageuka, "Sifuri, dada. Anasema yuko vizuri." Naandika sifuri, natabasamu, nasema safi sana, naongeza uzito.

Kuna wakati jibu la kijana lilikuwa refu na tafsiri fupi. Niliuliza mara moja. "Anakushukuru," akasema, "sisi shukrani zetu ni ndefu." Nikaridhika, maana hata kwetu mtu akitoka kuzika ukimsalimu atakujibu salama kwanza, ndipo aje kwenye ile "ila" yake. Nikajiambia hawa nao ni watu wa salama. Halafu kijana akaacha kunitazama usoni. Nikadhani ni haya tu.

Kwenye kitanda cha jirani, nyuma ya pazia, alikuwa akija bibi mmoja aliyebadilishiwa goti. Alikuwa Mjapani aliyeolewa Texas zamani sana, na Kiingereza chake kilikuwa cha wafuga ng'ombe. Siku alipobadilishiwa saa ya miadi ikaangukia saa ya kijana, alinyamaza muda wote wa mazoezi, kazi ambayo kwake ilikuwa ngumu kuliko goti. Wale wawili walipoondoka akanishika mkono.

"Binti, kwa nini unamwongezea yule mtoto vyuma?"

"Anaendelea vizuri, bibi. Hana maumivu."

"Amesema vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Amesema kiwiko kinamchoma akilala. Amekuomba usubiri kidogo. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akahesabu kwa vidole.  Jioni nilipomsimulia mume wangu, aliweka kijiko chini. "Mke wangu, ume-chart sifuri muda wote huu? Una-report kesho asubuhi, hata kabla ya chai." Niliripoti asubuhi ile. Mazoezi yakasimamishwa, kijana akapelekwa kupigwa picha ya MRI. Kano iliyoshonwa ilikuwa imechanika upya, na mshipa wa fahamu pembeni yake umevimba.

Mkalimani nilimkuta kwenye maegesho, mchana, lami inawaka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kistaarabu. Sikutumia hata moja.

"Nilikulisha!" nilimwambia. "Ulikaa kwenye meza yangu ukala chakula changu, kisha unanitumia mimi kumvunja mtoto wa watu?"

Hakukana. Aliinama kidogo, kisha akaeleza kwa sauti ileile ya upole ambayo sasa iliniudhi hadi meno. Alisema naye aliwahi kuwa mrushaji. Akiwa na miaka kumi na tisa alimwambia kocha kwamba bega linauma, na tangu siku hiyo hakupewa mpira tena. Kwao, alisema, mrushaji hujengwa kwa kurusha, mamia kwa mamia, hadi maumivu yachoke yenyewe. Kijana alikuwa na tabia mpya za Kimarekani, kila kinachomgusa anasema. Akisema mbele yangu nitaandika, nikiandika timu itasoma, timu ikisoma itamwacha. "Nilimlinda," akasema. "Wewe unaelewa, dada. Ulimlinda yule mama wa Kongo."

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Lakini mimi ndiye niliyeivua ile nguo nikamvika, tena kwa kicheko. Nilimwambia asiniite dada tena. Nikaingia garini nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikujua pa kukaa, maana kila nilipoielekeza kwake ilipitia Gulfton kwanza. Yule mama sijui hata yuko wapi. Sikuwahi kuuliza.

Timu ilimwacha kijana baada ya wiki chache. Alikuja kliniki kuchukua nakala za picha zake, na nilikuwa nimemwomba bibi wa goti aje anitafsirie. Siku hiyo niliwasha na skrini pia, asiwepo wa kusema nimejichagulia tena mkalimani. Kijana alikaa pembeni ya kitanda, mkono kifuani ndani ya bendeji.

Nilimweleza yote. Kwamba maneno yake yalikuwa hayanifikii. Kwamba nilikuwa nikiambiwa sifuri. Kwamba nimemshitaki mkalimani kwa wanaohusika. Kwamba naomba radhi, na kwamba mimi pia nimesalitiwa. Hilo la mwisho nililisema kwa nguvu, nilitaka alijue. Bibi alitafsiri polepole, akinitazama mdomoni asije akapoteza neno, na mtafsiri wa kwenye skrini akaitikia kwamba ndivyo nilivyosema.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu, si kwa kirefu.

Bibi alisugua goti lake kwanza. 

"Anasema yule mkalimani hamshangai. Ni mtu wa kwao, anawajua watu wa aina ile. Anasema alidhani wewe unasikia na unaendelea tu, kwa sababu timu inataka mkono haraka. Sasa anajua hukusikia."

"Mwambie asante," nikasema.

"Sijamaliza. Anasema kila mwisho wa mazoezi ulikuwa ukimshika vile vidole viwili, unavinyoosha kimoja kimoja. Yeye alikuwa hasikii chochote. Lakini wewe, anasema, vidole vyako vilikuwa vizima, vingeweza kusikia."

Bibi akanigeukia, akasubiri nimpe la kutafsiri. Kwenye skrini yule mwingine naye alisubiri, kalamu mkononi, na safari hii skrini haikuganda. Nilitazama mikono yangu.