Ukungu Unaotembea

Kabichi zilikuwa sitini na mbili. Nilizihesabu alfajiri, nikazirudia baada ya chai, maana kuku wa jirani nawafahamu. Bustani ilikuwa nyuma ya duka letu Dongobesh, na kiangazi kile hatukuwa na mboga nyingine.

Bwana shamba wa serikali ya Mwingereza alisimama langoni, viatu vyake vikimeta, akaona majani yamepakwa kijivu.

"Ukungu huo, mama. Ng'oa zote, choma leo hii. Utaambukiza hadi Masieda."

"Umeuona kutoka hapo hapo langoni?"

"Nimeusomea."

Mimi hata kitambaa cha mkono sinunui bila kukishika. Huyu alikuwa amehukumu bustani nzima kutoka langoni.

Bibi mmoja mfugaji, aliyetuletea maziwa kutoka upande wa Hanang, alitua kibuyu chake. Akafunua jani kwa chini, kama anavyofunua sikio la ng'ombe kutafuta kupe, akapitisha kidole.

"Njoo, mwanangu," akamwita. "Ukungu wako unatembea."

Nikainama. Walikuwa vidukari, wale tunaowaita wadudu mafuta, wamejipaka unga wao wa kijivu, wamebanana kwenye mshipa wa jani, midomo imezama wakifyonza. Kwenye ukucha wa bibi nilihesabu kumi na wanne. Nikarudia, wakawa kumi na watano. Mmoja alikuwa amezaa nikiwa namtazama.

"Hawa wanaoshwa kwa maji ya sabuni," nikasema. "Ukungu una miguu sita?"

Bwana shamba alitazama, akakohoa. "Amri imeshatoka."

"Basi tuipunguze."

"Thelathini."

"Tatu."

"Mama, hapa si sokoni."

"Ndiyo maana nimeanzia tatu. Sokoni ningeanzia moja."

Tukafika kumi. Akachagua zile za langoni asichafue viatu. Nilifunua jani moja moja: zote kumi zilikuwa safi, hata mdudu mmoja hamna. Nikamwambia. Akasema kumi ni kumi.

Hamsini na mbili zilizobaki tuliziosha mimi na bibi, jani kwa jani. Zile kumi aliamua kuzichoma mwenyewe. Kabichi mbichi haishiki moto. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, akaniomba mafuta ya taa kidogo.

Debe lilikuwa limejaa. Nikamwambia yamekwisha.