Siku Hakimu Alipokataa Amri Kutoka Juu

Asubuhi ile nilikuwa nikiuza ndizi mbivu hapa Kedowa, na mume wangu Nyakundi alikuwa akipalilia mahindi pamoja na mdogo wake, Ombati. Tulihamia huku kwa Wakipsigis kutoka Kisii tukiwa bado maharusi. Uchaguzi ulikuwa umepita, watu wanabishana, lakini wateja walikuja kama kawaida.

Jioni nyumba za Wakisii wenzetu zilianza kuchomwa upande wa mtoni.

Tulikimbilia kanisani. Mishale ilipita juu ya ua.

Tukalala chini.

Kulipokucha askari walifika. Waliwachukua Nyakundi, Ombati na wanaume wengine waliokuwa wakilinda lango. Mkubwa mmoja wa serikali alisema watakaa ndani mpaka mambo yatulie. Hakuna aliyeshtakiwa kwa lolote.

Jirani yangu Mama Chepkoech, Mkipsigis, alinifuata kanisani. "Mama Moraa, twende kortini. Mimi nitatangulia."

Njiani vijana wenye pinde walituzuia.

"Huyo ni nani?"

"Ni mgeni wangu. Mtanipiga mimi mama yenu?"

Wakatupisha.

Nilidhani korti imefungwa, lakini ilikuwa wazi. Hakimu, mama mwembamba ambaye madirisha ya nyumba yake yalikuwa yamevunjwa kwa mawe, alikuwa ameketi kitini amevaa joho. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mkuu wa polisi.

"Mheshimiwa, ni amri kutoka juu," yule mkuu akasema.

"Juu wapi? Nionyeshe sheria."

Hakimu akachukua kalamu.

"Serikali ina kazi yake, na bunge lina yake. Kuamua nani afungwe ni kazi ya korti. Walete leo."

Yule mtu alikuwa na bunduki na malori. Hakimu alikuwa na kalamu tu. Nilimwona mkuu huyo wa polisi akipiga saluti, akatoka kwenda kuwaleta.

Nyakundi aliingia akiwa ameshikiliwa na wenzake. Ombati hakuwamo. Alikuwa amefia selini kwa majeraha. Hakimu aliuliza jina lake kamili, akaliandika polepole, akaamuru daktari auchunguze mwili. Kisha akawaachilia wengine wote.

Baadaye hakimu huyo alihamishwa, sikumwona tena. Siku hizi nikisikia wakubwa wakilalamika kwamba korti zinawafunga mikono, namkumbuka, namwombea.

Amri yake ilichelewa kwa Ombati. Kwa Nyakundi iliwahi. Alimzika ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe.